Mji mdogo unapotanuka: njia nne za kupanga ardhi ya pembezoni, na ipi itangulie

Chukua mji wenye watu 40,000 unaokua kwa asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya miaka 20 utakuwa na watu kama 106,000. Hesabu hiyo madiwani wengi wanaijua. Inayosahaulika ni hesabu ya ardhi, kwa sababu mji unavyozidi kukua ndivyo watu wanavyojenga kwa kuachiana nafasi zaidi. Ikiwa leo hekta moja inabeba watu 80, mji umekalia hekta 500. Miaka 20 ijayo, hekta ikibeba watu 60, zitahitajika hekta 1,770 hivi. Watu wameongezeka mara mbili na nusu na ushei, ardhi mara tatu na nusu.

Kwa hiyo kuna hekta 1,270 za mashamba na vichaka ambazo zitajengwa, mpango uwepo au usiwepo. Halmashauri ina njia nne za kuzishughulikia: kuchora na kulinda barabara kuu kabla ya nyumba kufika, kuunganisha mashamba ya watu na kuyagawa upya, kutwaa ardhi kwa fidia kisha kuipima na kuuza viwanja, au kuacha watu wajenge kisha kurasimisha. Tunazilinganisha hapa kwa mji wenye watu kati ya 20,000 na 200,000, wenye mpima mmoja au wawili na bajeti isiyotosha.

Kwanza, kalamu iko kwa nani?

Madaraka yaliyopelekwa chini hayalingani kila mahali, na njia inayofaa mji mmoja inaweza kukwama mji wa jirani kwa sababu hiyo tu. Kenya, baada ya Katiba ya 2010, serikali za mitaa 175 zilivunjwa na mwaka 2013 kazi zake zikaenda kwa kaunti 47. Mji wa kawaida leo una bodi au msimamizi aliye chini ya kaunti, kwa hiyo mpango wa ardhi wa mji hupita kwenye bunge la kaunti, ambalo pia lina wadi za vijijini za kuhudumia. Tanzania, halmashauri ya mji huandaa mipango yake yenyewe, lakini hatimiliki hutolewa chini ya Kamishna wa Ardhi, ambaye ni mtumishi wa serikali kuu, na kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme, nje kabisa ya dirisha la halmashauri.

Kabla ya kuchagua njia, andikeni kwenye karatasi moja majina ya ofisi nne: inayoidhinisha mchoro wa mipangomiji, inayoidhinisha ramani ya upimaji, inayolipa fidia, na inayokusanya kodi ya majengo. Kila ofisi iliyo nje ya mji ongezeni miezi kadhaa kwenye ratiba. Njia inayotegemea sahihi tatu za nje isiwe ya kwanza kwa mji ambao kila wiki unaota misingi mipya.

Jambo la pili la kukagua ni mpaka. Mara nyingi mji umeshavuka mpaka wake wa kisheria na ujenzi unaendelea kwenye vijiji vya halmashauri jirani, ambako hakuna afisa mipangomiji wala kibali cha ujenzi. Hapo hata mchoro bora hauna nguvu. Dawa ya haraka ni mkataba wa maandishi kati ya halmashauri mbili kuhusu njia za barabara na vibali. Kusubiri mpaka ubadilishwe ni kusubiri nyumba zijae.

Gridi ya barabara kuu

Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo tunayoipa uzito. Halmashauri haipangi kila kiwanja. Inachora barabara kuu tu, zenye upana wa mita 25 hadi 30, zikipishana kwa kilomita moja hivi, kwenye eneo lote ambalo mji utalifikia katika miaka 30. New York ilifanya hivyo mwaka 1811, wakati mji ulikuwa bado kwenye ncha ya kisiwa cha Manhattan: barabara zake kubwa zilichorwa kwa upana wa futi 100, yaani mita 30, juu ya mashamba. Katika muongo uliopita Ethiopia ilianza kuitumia kwenye miji ya Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, na Colombia kwenye Montería na Valledupar.

Kwa nini kilomita moja? Kwa sababu mtu aliye katikati kabisa ya mraba atakuwa mita 500 kutoka barabara ya basi, mwendo usiofika dakika kumi. Na ardhi inayoliwa ni kidogo. Kila mraba wa kilomita moja una pande nne, ila kila upande unachangiwa na mraba wa jirani, hivyo kwa kila kilomita ya mraba kuna kilomita 2 za barabara. Zidisha kwa mita 30: hekta 6 kati ya 100. Kwa zile hekta 1,270 za mfano wetu ni kilomita 25 za barabara na hekta 76 za kulipia fidia, tena kwa thamani ya shamba na si ya nyumba.

Kazi yenyewe huanza na picha za setilaiti. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure, na ingawa nukta yake moja ni mita 10, zinatosha kuonyesha mji umeelekea wapi katika miaka mitano iliyopita. Ondoeni mabonde yanayofurika, miteremko mikali, vyanzo vya maji na kingo zake (sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60). Kisha endelezeni barabara zilizopo kuelekea nje na mzikate kwa barabara za kuvuka. Mstari ufuate mipaka ya mashamba na njia za miguu panapowezekana. Ukipindika kidogo si kosa; gridi haihitaji kunyooka kama rula.

Baada ya hapo mstari utembelewe kwa miguu, pamoja na wazee wa eneo na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Makaburi, visima na miti ya tambiko havionekani kwenye picha, na mstari mmoja uliokata makaburi unatosha kuua imani ya watu kwa mradi wote. Kwa hatua hii kipokezi cha GPS cha mkononi kinatosha, maana kinakosea mita 3 hadi 5. Kwa kupanda bikoni, yaani alama za mpaka, hakitoshi: tumieni kipokezi cha RTK kinachosoma kwa sentimita, la sivyo barabara ya mita 30 itageuka ya mita 24 mahali fulani na hakuna atakayejua ilipotelea wapi.

Bikoni ziwe za zege, pande zote mbili, kila mita 100, ili ukisimama kwenye moja uione inayofuata. Pandeni miti kwenye mstari wa bikoni mvua za kwanza, kwa sababu bikoni hung'olewa usiku lakini safu ya miti ya miaka miwili inasimulia yenyewe barabara ilipo. Katikati ipite greda afungue njia ya mita 6 au 7 tu. Mita zilizobaki waliokuwa na mashamba waendelee kulima mazao ya msimu kwa makubaliano ya maandishi kwamba fidia wameshapokea. Ardhi inayolimwa ina mlinzi, lakini iliyo wazi huota vibanda.

Upana wa mita 30 usiwatishe wenye fedha kidogo. Leo mnajenga njia ya magari ya mita 7. Pande zake kila moja iwe na mfereji wa mita 1.5, ukanda wa mita 2 wa mabomba, nguzo na miti, na njia ya waenda kwa miguu ya mita 2.5. Jumla ni mita 19. Mita 11 zinabaki kwa njia ya pili ya magari, itakayojengwa na madiwani ambao pengine leo wako shule ya msingi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba gridi haipangi ndani ya mraba. Barabara kuu zitakuwa nzuri, na katikati yake patakuwa na vichochoro, msipoweka sheria ndogo moja: yeyote anayekata shamba lake kuwa viwanja aache njia ya mita 9 hadi 12, ifike kwenye mpaka wa jirani angalau sehemu mbili. Bila sharti la kufika kwa jirani, kila mmoja ataacha njia inayoishia ukutani. Tatizo la pili ni madalali. Wao huijua ramani kabla ya wakulima na hununua kando ya mstari kwa bei ya zamani. Ramani ibandikwe siku ileile kwenye kila ofisi ya mtaa, asubuhi, kabla haijatoka kwa njia nyingine.

Kuunganisha mashamba na kuyagawa upya

Hapa wenye mashamba yaliyopakana huyaweka pamoja kwenye ramani, halmashauri inachora barabara, maeneo ya wazi na viwanja, kisha kila mmoja anarudishiwa viwanja palepale au karibu na alipokuwa, vikiwa vidogo kuliko shamba lake la awali. Japani imetumia njia hii chini ya sheria ya 1954 kwa karibu theluthi moja ya eneo lake la miji. Jimbo la Gujarat nchini India huitumia kama njia ya kawaida ya kupanua miji, na Bhuj, mji wa kati uliobomolewa na tetemeko la Januari 2001, ulipangwa upya hivyo.

Tuseme kuna hekta 20 na wakulima 40. Wanakubaliana kukatwa asilimia 40: asilimia 25 iende barabara, 5 maeneo ya wazi na huduma, 10 viwanja vya kuuza ili kulipia kazi. Mama mwenye mita za mraba 5,000 anabaki na 3,000, yaani viwanja 8 vya mita za mraba 375. Amepoteza? Bei ya kila mita ya mraba ikipanda kwa theluthi mbili tu, thamani ya alichobaki nacho ni ileile ya shamba lote. Ikiongezeka mara mbili, amepata faida ya asilimia 20. Shamba lisilo na barabara likigeuka kiwanja kilichopimwa, mara nyingi bei hupanda zaidi ya hapo. Ila msimwahidi mtu kabla mthamini hajathamini, kabla na baada, kwa maandishi.

Uzuri wake ni kwamba hakuna anayehamishwa na hakuna bajeti kubwa ya fidia. Ugumu wake ni watu. Kila mmiliki lazima ajulikane, na mashamba ya urithi yasiyogawanywa yana wamiliki saba, wawili wakiwa mji mwingine. Sheria iseme wazi ridhaa inayotosha ni ya wangapi. Japani, chama cha wenye ardhi kinahitaji theluthi mbili ya wamiliki wanaoshika theluthi mbili ya ardhi. Mkitaka ridhaa ya wote, mtu mmoja mkaidi ataushika mradi mateka. Mkiridhika na nusu, mtakwenda mahakamani.

Kosa la kawaida ni kukata wote asilimia sawa. Mwenye mita za mraba 6,000 akikatwa asilimia 40 bado ana mtaji, lakini mwenye 300 anabaki na 180, na nyumba yake haitoshei tena. Bhuj walipanga makato kwa ngazi: viwanja vidogo kabisa havikukatwa, na kadiri kiwanja kilivyokuwa kikubwa ndivyo makato yalivyoongezeka. Fanyeni hivyo. Kosa jingine ni kuuza vile viwanja vya kulipia kazi siku ya kwanza, kwa bei ya shamba. Uzeni vichache vya kuanzia, fungueni barabara kwa fedha hiyo, kisha uzeni vilivyobaki kwa bei ya mtaa wenye barabara. Kwa muda, hesabuni miaka miwili kwa uchache, na hiyo ni pale sheria ipo tayari. Pasipo na sheria inaweza kufanyika kwa hiari kwenye kikundi kidogo cha majirani wanaoaminiana, hekta 5 hadi 10. Zaidi ya hapo ni kujitafutia ugomvi.

Kutwaa, kupima na kuuza

Njia hii ndiyo inayopendwa na ofisi kwa sababu inaleta ramani safi. Benki ya Dunia ilianza kufadhili viwanja vyenye huduma mjini Dakar mwaka 1972, na Tanzania ilianza mradi wake wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam mwaka 2002. Hutoa mitaa iliyonyooka, ila inadai fedha nyingi siku ya kwanza, na hapo ndipo miji midogo inapoanguka. Uthamini unafanyika, watu wanakatazwa kuendeleza mashamba, kisha fidia inachelewa mwaka, miwili. Wanaosubiri huanza kuuza vipande kimyakimya, na mnapokuja kulipa mnakuta nyumba. Kanuni ni moja: fedha ya fidia iwe benki kabla mthamini hajatoka ofisini. Na anzeni na viwanja 200, siyo 2,000, ili mauzo ya awamu ya kwanza yalipie fidia ya awamu ya pili.

Ukubwa wa kiwanja una maana kuliko watu wanavyodhani. Hekta moja, ukishatoa asilimia 35 ya barabara na huduma, inabaki na mita za mraba 6,500. Kwa viwanja vya mita 20 kwa 30 mtapata 10. Kwa viwanja vya mita 12 kwa 20 mtapata 27. Mbele ya kiwanja cha kwanza bomba la maji linapita mita 20; ukigawana na wa ng'ambo ya barabara ni mita 10 kwa kila nyumba. Kwa kiwanja kidogo ni mita 6. Bomba, mfereji, changarawe na nguzo za umeme vyote vinafuata hesabu hiyo. Mji unaopima viwanja vikubwa vitupu unajiandikia deni la huduma ambalo hautalimaliza, na wenye kipato kidogo wanaosukumwa nje ndio wanaokwenda kujenga bondeni.

Tunaipendekeza kwa vitu visivyoweza kupatikana kwa njia nyingine: stendi, dampo, shule, mabwawa ya majitaka, eneo la viwanda.

Kurasimisha baadaye

Kurasimisha kunampa mtu hati na kumwondolea hofu ya kuamka asubuhi akute alama ya X ukutani. Hilo si jambo dogo, na kwa mitaa iliyokwisha kujaa ndiyo njia pekee ya kibinadamu. Lakini mtaa haufunguki kwa hati. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Tanzania ilitekeleza njia mbili kwa wakati mmoja kwenye miji saba: Dar es Salaam, Iringa, Mbeya, Morogoro, Mwanza, Tabora na Tanga. Sehemu nyingine zilipimwa viwanja vyenye huduma kabla ya watu kujenga, nyingine ziliboreshwa watu wakiwa tayari ndani. Watafiti waliolinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye walikuta yaliyopimwa mapema yana nyumba kubwa zaidi, zilizopangika vizuri zaidi, na huduma bora. Yaliyoboreshwa baadaye hayakuonyesha faida hiyo. Sehemu ya tofauti imetokana na waliohamia maeneo yaliyopimwa kuwa na uwezo zaidi, na hilo lisifichwe, lakini mpangilio wa mitaa wenyewe umedumu.

Kosa linaloharibu urasimishaji ni mpangilio wa hatua. Wapima hupima viwanja kwanza, kila mtu kama alivyo, kisha wanatafuta barabara kwenye mabaki. Matokeo ni kichochoro cha mita 2 chenye ramani iliyoidhinishwa. Gari la zimamoto linataka kama mita 3.5 zilizo wazi, na la kunyonya majitaka halifikii shimo lililo mbali kuliko urefu wa mpira wake. Anzeni na barabara: kamati ya mtaa ikae na wamiliki wa pande mbili, kila upande uache mita 1.5 au 2, ukuta ubomolewe na bikoni ya barabara ipandwe. Siku hiyo ndiyo upimaji wa viwanja uanze, si kabla. Na michango ya wananchi iwekwe kwenye akaunti ambayo kampuni ya upimaji inalipwa kwa hatua iliyokamilika. Wakilipwa zote mwanzoni, ramani hukwama njiani.

Kwa ufupi wa macho

| Njia | Fedha mwanzoni | Inahitaji nini zaidi | Hukwama wapi |
|---|---|---|---|
| Gridi | Kidogo | Mamlaka ya kutangaza hifadhi ya barabara | Bikoni kung'olewa, ndani ya mraba kuachwa |
| Kuunganisha | Kidogo hadi wastani | Sheria, mthamini, muda | Ridhaa, mashamba ya urithi |
| Kutwaa | Kubwa sana | Fedha taslimu | Fidia kuchelewa |
| Kurasimisha | Wastani, mara nyingi ya wananchi | Kamati ya mtaa yenye kuaminika | Barabara nyembamba kuhalalishwa |

Kwa mji mmoja njia hizi hukaa pamoja, kila moja kwenye duara lake. Hesabuni nyumba kwenye picha ya setilaiti. Panapokuwa na nyumba zaidi ya 10 kwa hekta, rasimisheni, mkianza na barabara. Penye nyumba 2 hadi 10, na mashamba madogo yenye wamiliki wanaojulikana, jaribuni kuunganisha. Chini ya nyumba 2, choreni gridi, na msingoje sehemu nyingine zimalizike. Vipimo hivi ni vyetu vya kazini, vinaweza kusogezwa kidogo, ila mpangilio wake tusingeubadilisha.

Wenye mpima mmoja tu wampe miezi mitatu ya kwanza kwenye barabara mbili zinazotoka mjini kuelekea upande ambao matofali yanapelekwa kwa wingi. Waulizeni waendesha malori ya mchanga: wanajua mji unaelekea wapi kabla ya picha yoyote ya setilaiti.